Daktari wa Macho Ajibu: Kasi, Makali na Usalama wa Vifaa vya Kukatia

Barua nne kati ya zilizotufikia safari hii zinagusa jambo moja, nalo ni vifaa vinavyokata ndani ya jicho na namna ya kujua kipi kinafanya kazi vizuri bila kudhuru. Naanza na ile iliyohitaji majibu marefu kuliko zote.

Swali: Ndugu Daktari, mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Idara yetu ya macho inakusudia kununua mashine mpya ya kuondolea vitreo. Muuzaji mmoja anasema kikatio chake kinakata mara 5,000 kwa dakika, na mwingine anadai chake kinafikia 20,000. Je, chenye kasi kubwa ndicho bora na salama zaidi, au tunababaishwa na tarakimu?

Jibu: Ndugu muuguzi, tarakimu hizo zina maana, lakini zikisimama peke yake hazitoshi kuamulia ununuzi. Ili sababu ieleweke, hatuna budi kuanza na kile kinachokatwa. Vitreo, yaani ule ute mzito unaojaza jicho nyuma ya lenzi, ina ujazo wa takriban mililita 4, na zaidi ya asilimia 98 yake ni maji. Ingekuwa maji matupu tungeinyonya kwa sindano na kazi ikaisha. Kinachotuzuia ni nyuzi nyembamba mno za kolajeni zilizotandaa ndani yake, ambazo nyingine zimeshikamana na retina, yaani ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, tena kwa nguvu kabisa katika ukanda ulioko upande wa mbele. Ukinyonya bila kukata, nyuzi hizo huivuta retina, nayo ni utando laini unaochanika upesi. Ndiyo maana kikatio cha vitreo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hunyonya ute kupitia tundu dogo lililo ubavuni, karibu na ncha, na hukata kila kinachoingia kabla hakijapata nafasi ya kuvuta kilicho nyuma yake.

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme mashine inanyonya mililita 6 kwa dakika. Ikiwa inakata mara 600 katika dakika hiyo, kila mkato unaondoka na mikrolita 10 za ute (mikrolita moja ni sehemu ya elfu ya mililita). Ikikata mara 6,000, kila mkato unaondoka na mikrolita 1 tu. Kipande kikiwa kidogo, mvuto unaoifikia retina hupungua, na kipande chenyewe hupita katika mrija mwembamba bila kukwama. Hapo kasi huleta usalama na ufanisi kwa pamoja, jambo ambalo si la kawaida katika upasuaji, kwa sababu mara nyingi tunalazimika kupunguza kimoja ili tupate kingine. Robert Machemer alipoanzisha upasuaji huu mjini Miami, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, chombo chake kilihitaji tundu la milimita 2.3 kwenye ukuta wa jicho, na kwa miaka mingi vikatio vilivyofuata vilikata mara mia kadhaa tu kwa dakika. Waliofanya kazi kwa vyombo vile walikuwa wakihesabu kila hatua karibu na retina iliyobanduka, kwa kuwa iliweza kuingia tunduni kufumba na kufumbua. Kwa hiyo muuzaji anayekwambia kwamba kasi ni usalama hasemi uongo.

Asichokisema ni habari ya tundu. Kikatio cha mtindo wa zamani kina mrija mmoja ndani ya mwingine. Hewa iliyogandamizwa huusukuma ule wa ndani mbele, makali yake yakapita mbele ya tundu na kukata, kisha springi huurudisha nyuma. Kwa mikato 600 kwa dakika, kila mzunguko una sehemu ya kumi ya sekunde, na springi ina muda wa kutosha. Kwa mikato 5,000, mzunguko mzima una milisekunde 12 tu. Springi haiongezi mbio kwa sababu sisi tunataka, kwa hiyo sehemu ya muda ambayo tundu liko wazi huzidi kupungua kadiri kasi inavyopandishwa, na tundu lililofungwa halinyonyi kitu. Hapo unapata kikatio kinachovuma kwa kasi kubwa huku kazi ikisogea polepole, na daktari, bila kukusudia, huanza kuongeza nguvu ya kunyonya ili afidie. Kuongeza nguvu ya kunyonya karibu na retina ndiyo hatari ileile tuliyotaka kuikimbia.

Wahandisi walilitatua tatizo hilo kwa hatua mbili. Kwanza waliondoa springi na kutumia hewa kwenda na kurudi, ili mashine yenyewe iamue tundu likae wazi kwa muda gani katika kila mzunguko. Baadaye walitoboa tundu la pili kwenye mrija wa ndani, ukawa na makali pande zote mbili, hivyo hukata unapokwenda na hukata tena unaporudi, huku njia ya ute ikibaki wazi karibu muda wote. Kwa maoni yangu hatua hii ya pili ina uzito zaidi kuliko tarakimu yoyote ya kasi. Nayo pia inaweza kueleza zile 20,000 ulizotajiwa: mrija unaokwenda na kurudi mara 10,000 kwa dakika, kila safari ikihesabiwa mikato miwili. Si udanganyifu, kwa kuwa ute umekatwa kweli mara hizo zote, lakini muulize muuzaji anahesabu nini, kisha ulinganishe vilivyo vya aina moja.

Muulize pia vipimo vyake vya kasi ya kunyonya vilifanywa katika nini. Maji na vitreo hufuata tabia tofauti. Ukipima kikatio cha makali mamoja ndani ya maji, utaona kiasi kinachonyonywa kinashuka kadiri unavyopandisha kasi, kwa kuwa maji hayahitaji kukatwa na kila mara tundu linapofungwa ni hasara tupu. Ukipima katika vitreo ya nguruwe au ya ng'ombe, mambo yanaweza kugeuka, maana ute uliokatwa vipande vidogo hutiririka vizuri zaidi, na faida hiyo hushindana na hasara ya tundu kufungwa. Maabara nyingine hutumia ute mweupe wa yai badala ya vitreo. Jedwali linaloonyesha maji peke yake halikwambii kikatio kitafanya nini ndani ya jicho la mgonjwa.

Jambo la mwisho, ambalo mara nyingi husahaulika kwenye vikao vya ununuzi, ni maji yanayoingia. Kila mililita inayotoka lazima irudishwe mara moja, vinginevyo shinikizo la ndani ya jicho hushuka, jicho hulegea, na mishipa midogo inaweza kuvuja damu. Kikatio chenye ufanisi mkubwa kikiunganishwa na mashine isiyoweza kurudisha maji kwa mwendo uleule kitakuwa hatari kuliko kikatio cha polepole. Laiti ningekuwa kwenye kamati yenu, ningeanza kwa kuuliza mashine inadhibitije shinikizo hilo, kisha sehemu ya muda ambayo tundu hubaki wazi katika kasi ya juu kabisa, na kasi ya mikato ningeiuliza mwisho. Ningeomba pia madaktari watakaoitumia waijaribu kwa mikono yao kabla ya saini kuwekwa.

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari. Tumefundishwa kwamba vikatio vya vitreo vimepungua unene kutoka geji 20 hadi 27. Je, tundu dogo zaidi huwa daima salama zaidi?

Jibu: Marahaba. Kwa wasomaji wengine nieleze kwanza kwamba geji ikipanda, unene unashuka: geji 20 ni takriban milimita 0.9, geji 23 ni kama 0.6, geji 25 ni 0.5, na geji 27 ni 0.4. Geji 20 ilitawala tangu miaka ya 1970, geji 25 ikaja mwanzoni mwa miaka ya 2000, geji 23 ikafuata mwaka 2005, na geji 27 ikaelezwa mwaka 2010.

Jibu fupi ni kwamba udogo unasaidia sana, ila si daima. Katika upasuaji wa geji 20 daktari alilazimika kukata utando wa juu wa jicho, kutoboa ukuta wake kwa kisu, na kushona mwishoni. Vifaa viliingia na kutoka moja kwa moja kupitia tundu hilo, umbali wa milimita 3.5 hadi 4 nyuma ya konea, yaani ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, na kila kuingia na kutoka kuliburuta nyuzi za vitreo zilizo karibu na mlango. Michaniko mingi ya retina iliyosababishwa na upasuaji wenyewe ilitokea jirani na milango hiyo. Mfumo wa vifaa vidogo ulileta kijirija kinachobaki mlangoni tangu mwanzo hadi mwisho, vifaa vikipita ndani yake bila kugusa nyuzi. Nadhani watu wengi huusifu udogo wa tundu kwa faida ambayo kwa kweli imeletwa na kijirija hicho, na ningependa mwanafunzi atenganishe mambo hayo mawili tangu mapema.

Upande wa pili wa mizani ni mtiririko. Kwa kimiminika cha kawaida, kanuni ya Poiseuille inasema kwamba mtiririko hufuata nusu kipenyo kikipandishwa hadi kipeo cha nne. Punguza upana wa mrija kuwa nusu, mtiririko unabaki sehemu moja ya kumi na sita, shinikizo likiwa lilelile. Vitreo si kimiminika cha kawaida, lakini mwelekeo ni huohuo, na ndiyo sababu vikatio vyembamba visingefaa kitu kama kasi ya mikato isingepanda pamoja navyo. Shina jembamba pia hupinda kwa urahisi, jambo linalomsumbua daktari anapotaka kuligeuza jicho ili aone pembeni. Vipande vigumu vya lenzi vilivyodondokea nyuma huzishinda geji ndogo, na mafuta mazito ya silikoni, ambayo hujazwa jichoni ili kuishikilia retina, huchukua muda mrefu kupita humo.

Hata hivyo, ziko kazi ambazo kikatio chembamba huzifanya kwa namna ambayo kinene hakiwezi. Katika ugonjwa wa retina unaotokana na kisukari, tando za kovu hushikamana na retina kama karatasi iliyogandishwa kwa gundi, na kati ya karatasi na ukuta pana mwanya mdogo tu. Zamani tuliingiza mkasi mwembamba wa pekee katika mwanya huo. Kwa kuwa tundu la kikatio cha geji 27 liko karibu sana na ncha, kikatio chenyewe kinaweza kupenya na kukata, na daktari akapunguza idadi ya mara anazobadilisha vifaa. Ufanisi hapa haupimwi kwa mililita.

Kuhusu maambukizi, kumbuka kwamba vitundu vya geji 25 vya mwanzo, vilivyotobolewa wima na kuachwa bila kushonwa, viliwatia wasiwasi madaktari wengi, kwa kuwa baadhi vilivuja baada ya upasuaji na ripoti za uambukizo ndani ya jicho zikaongezeka. Kutoboa kwa mshazari, ili kuta za tundu zilaliane na kujifunga zenyewe, kulipunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Tundu linalovuja lishonwe, hata likiwa dogo kiasi gani, na daktari asilionee haya.

Swali: Mama yangu mzazi ana mtoto wa jicho. Tumeambiwa tuchague kati ya upasuaji wa kawaida na upasuaji wa leza usiotumia kisu, ambao gharama yake ni kubwa zaidi. Sisi watoto wake tuko tayari kuchangishana ikiwa wa leza ndio salama. Tushauri, Daktari.

Jibu: Nawapongeza kwa moyo huo, na nitajibu kwa uwazi ili msichange fedha kwa sababu ya neno zuri la matangazo.

Leza inayozungumzwa ni ya femtosekunde. Hutoa mipigo mifupi mno, na kila mpigo hugeuza chembe ya tishu kuwa kiputo kidogo cha gesi, vikipangwa maelfu kwa maelfu tishu ikatengana. Ilitumika kwa mara ya kwanza katika mtoto wa jicho la binadamu mwaka 2008, mjini Budapest, na Zoltán Nagy. Inaweza kukata konea, inaweza kuchonga duara kwenye utando wa mbele wa kifuko cha lenzi, na inaweza kuipasua lenzi iliyoingia ukungu vipande vipande. Kisichoelezwa vizuri ni kwamba haiwezi kuitoa lenzi hiyo. Baada ya leza kumaliza, daktari bado ataingia ndani ya jicho na kuvunja na kunyonya vipande kwa ile sindano inayotetemeka kwa mawimbi ya ultrasaundi, aliyoivumbua Charles Kelman mwaka 1967. Upasuaji wa leza ni upasuaji wa kawaida ulioongezewa hatua mwanzoni.

Je, hatua hiyo ya nyongeza inamsaidia mgonjwa? Majaribio mawili makubwa, la Ufaransa na la Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 2020, yaliwalinganisha wagonjwa wa leza na wa kawaida. Hayakuonyesha kwamba leza inazidi upasuaji wa kawaida kwa ubora wa kuona wala kwa usalama, na gharama yake haikustahili. Faida zipo, hasa kwamba ultrasaundi inayohitajika hupungua, na duara la kwenye kifuko hutoka likiwa na ukubwa uleule uliopangwa. Lakini hata duara hilo lina kasoro yake. Daktari mzoefu anapolichana kwa koleo ndogo, ukingo hutoka laini na mfululizo, nao hustahimili kuvutwa. Leza hutoboa vitundu vingi vilivyopangana, mfano wa ukingo wa stempu, na katika matumizi ya mwanzo zilitolewa ripoti za michaniko iliyoanzia kwenye vitundu hivyo. Zaidi ya hayo, mboni ya baadhi ya wagonjwa husinyaa baada ya leza na kuifanya kazi inayofuata kuwa ngumu, na mgonjwa ambaye konea yake ina kovu au mboni yake haipanuki vya kutosha huenda hafai kabisa kwa njia hii.

Wapo wagonjwa wachache ambao mimi mwenyewe ningewafikiria kwa leza, kama wale ambao lenzi yao imelegea kwenye kamba zake. Lakini kwa mtoto wa jicho wa kawaida, muulizeni daktari maswali mengine: amefanya upasuaji huu mara ngapi, kifuko cha lenzi humpasukia mara ngapi, na hufanya nini likitokea. Mikono hiyo ndiyo itakayoamua zaidi kuliko chanzo cha mkato. Fedha mlizokusudia kuchanga zitamfaa mama zaidi katika dawa za matone, miwani, na nauli ya kurudi kuangaliwa kila atakapoitwa.

Swali: Nafanya kazi katika chumba cha kutakasia vifaa. Madaktari wetu wengine wanapenda kisu cha almasi, wengine cha chuma. Kipi ni bora? Na je, vikatio na visu vilivyoandikwa "vya kutumia mara moja" vinaweza kutakaswa na kurudiwa kama bado vina makali?

Jibu: Juu ya almasi na chuma nitakuwa mfupi. Makali ya almasi ni nyembamba na laini kuliko ya chuma, ambayo chini ya hadubini huonekana yana mikwaruzo, na hayachakai kwa kukata tishu. Lakini almasi ikigusana na chuma kingine hupasuka ukingo, na kisu hicho huhitaji mtu makini wa kukiosha. Pia hupenya konea bila ukinzani wowote, hata daktari aliyezoea chuma akajikuta amefika mbali kuliko alivyotaka. Jeraha la konea, lenye upana wa milimita 2.2 hadi 2.8 hivi, hujifunga kwa sababu ya umbo la njia yake, yaani urefu wake na pembe yake, kuliko kwa sababu ya kito kilicholikata. Kisu cha chuma kilicho kipya kinatosha kabisa. Kisu cha chuma kilichochakaa hakitoshi, kwa kuwa husukuma na kuvuta konea badala ya kuikata, na njia ikishatanuka haijifungi vizuri.

Swali lako la pili ni zito zaidi, na nakuomba ulichukue jibu langu hadi kwa mkuu wako wa idara. Kisu kina uso ulio wazi, unaoweza kuuona na kuusugua. Kikatio cha vitreo ni mrija ndani ya mrija, wenye upana wa chini ya milimita moja, ambao umepitisha protini, damu na pengine mafuta. Huwezi kuingiza brashi humo, na mvuke wa kutakasia haufiki palipoziba. Hata ukiua vijidudu vyote, mabaki ya protini na ya sabuni yaliyokauka ndani yanaweza kusukumwa kwenye jicho la mgonjwa anayefuata na kuleta uvimbe mkali usio wa vijidudu. Uvimbe huo unaweza kuua seli za ndani ya konea, ambazo zikifa hazizaliwi upya. Prioni nazo, ambazo ni protini zenye kuleta maradhi ya ubongo, hustahimili utakasaji wa kawaida.

Ama kuhusu "bado kina makali", macho yako hayawezi kulipima hilo, wala yangu. Kikatio kilichopoteza makali huendelea kuvuma na kunyonya kama kawaida, ila nyuzi hazikatiki mara ya kwanza, zinatafunwa, na kila unyuzi unaotafunwa una retina upande wa pili. Kasi tuliyoisifu katika jibu la kwanza haina thamani yoyote hapo. Ikiwa kituo chenu hakiwezi kumudu kikatio kipya kwa kila mgonjwa, ombeni mashine inayotumia vikatio vilivyotengenezwa tangu kiwandani ili virudiwe, vyenye maelekezo ya kuvifungua na kuvisafisha na idadi ya mara vinavyoruhusiwa kutumika, na kila kimoja kiandikiwe hesabu yake kwenye daftari.